Shilingi 390 kwa mtoto

Mwaka 2022 Benki ya NMB ya Tanzania ilipata faida ya takribani Sh429 bilioni baada ya kodi. Benki hiyo imejiwekea utaratibu wa kutenga asilimia 1 ya faida yake kwa ajili ya jamii: madawati, bati, vitanda vya hospitali, upandaji miti. Asilimia 1 ya faida ile ni Sh4.29 bilioni. Sasa tuseme zote zimepelekwa elimu ya msingi, hospitali zisipate hata shuka. Shule za msingi nchini zina wanafunzi zaidi ya milioni 11. Gawanya. Kila mtoto anaambulia Sh390 kwa mwaka mzima. Penseli mbili, na mwenye duka akiwa mkarimu, kichongeo.

Siitaji NMB kwa ubaya. Ni miongoni mwa benki zenye faida kubwa kuliko zote nchini, na angalau asilimia yake inasemwa hadharani. Kampuni nyingi hutaja tu mamilioni yaliyotolewa siku ya hafla, zikanyamaza kuhusu mabilioni yalikotoka. Nimeanza na aliye juu ya ngazi ili tuone kimo chake, maana mjadala wa kampuni "kurudisha kwa jamii" huwa una vifijo vingi na mgawanyo haba.

Upande wa pili wa hesabu ni Serikali. Tangu Januari 2016, ada na michango ya lazima ilipofutwa hadi kidato cha nne, shule za umma zinaendeshwa kwa ruzuku: Sh10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi, Sh25,000 kwa wa sekondari. Hiyo Sh10,000 ina historia ndefu kuliko elimu bila malipo yenyewe. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule wa MMEM ulioanza 2002, uliweka ruzuku ya dola 10 kwa mtoto, na dola wakati huo ilikuwa chini kidogo ya Sh1,000. Dola imepanda, bei ya chaki imepanda, ruzuku imekaa pale pale. Kwa dola ya Sh2,500, dola 10 leo ni Sh25,000. Pengo ni Sh15,000 kwa mtoto, yaani Sh165 bilioni kwa mwaka kwa watoto milioni 11. Ukitaka kuliziba pengo hilo kwa asilimia 1 za faida, tafuta benki zaidi ya 38 zenye faida kama ya NMB ya 2022. Nchi ina NMB moja na CRDB moja. Zinazofuata ziko mbali nyuma.

Na hata hiyo Sh10,000 haifiki yote shuleni. Sh4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, Sh6,000 ndizo zinazoshuka. Chukua shule ya watoto 800, ya kawaida kabisa. Inapata Sh4.8 milioni kwa mwaka, sawa na Sh400,000 kwa mwezi. Kwa fedha hizo mwalimu mkuu ananunua chaki na karatasi, anachapisha mitihani ya majaribio, anaweka umeme kwenye mita ya LUKU, anabadilisha kitasa kilichovunjwa, anapeleka timu kwenye michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na kuziba paa linalovuja juu ya darasa la tatu. Mlinzi na mpishi wa uji hulipwa na wazazi, mara nyingi kwa mchango unaoitwa wa hiari mpaka pale mtoto anapoulizwa mbele ya wenzake kwa nini kwao hawajatoa.

Hapo ndipo kampuni inapoingia na madawati 50. Tuseme dawati moja ni Sh80,000. Jumla Sh4 milioni. Kwa taifa ni tone. Kwa mwalimu mkuu yule ni ruzuku ya miezi kumi, imeshuka asubuhi moja kwenye lori. Asiyeielewa tofauti hii ya vipimo viwili hawezi kuelewa kwa nini walimu wanashangilia kwa moyo mmoja kitu ambacho mchambuzi wa bajeti anakidharau. Wote wawili wako sahihi. Ila madawati hayageuki chaki. Mwalimu mkuu hawezi kuuza matano alipe umeme, na Februari ikifika, wale wa darasa la kwanza wakiwa 180 badala ya 140, ruzuku bado ni ile ile na mwalimu wa darasa bado ni mmoja.

Tuitazame hafla yenyewe kwa karibu, kwa sababu nayo ni gharama. Turubai mbili, viti 200 vya kukodi, spika na mshereheshaji, maji ya chupa, fulana 100 zenye nembo ya kampuni, usafiri wa wageni wa meza kuu na wa waandishi. Fulana peke yake, kwa Sh10,000 kila moja, ni Sh1 milioni. Kwa bei za mji wowote wa mkoa, shughuli hiyo ni vigumu kuisha chini ya Sh2 milioni. Kwa hiyo kwa kila shilingi mbili za mbao na vyuma, shilingi moja imetumika kusema kwamba mbao na vyuma vimetolewa. Bado hujagusa tangazo la nusu ukurasa gazetini. Wengi wa wanaotoa huwa hawaziweki hesabu hizi mbili kwenye fungu moja: madawati yako kwenye fungu la jamii, fulana ziko kwenye fungu la masoko. Mgawanyo huo unasema mengi.

Mwaka 2016 nchi ilionja jinsi nguvu hii inavyofanya kazi ikikusanywa. Elimu bila malipo ilijaza madarasa, watoto wakakaa chini, na Rais John Magufuli akataka madawati kila kona. Kampuni, taasisi na mikoa zikaingia mbioni. Bunge peke yake lilibana matumizi na kutoa Sh6 bilioni. Kwa dawati la Sh50,000, bei ya wakati ule, hayo ni madawati 120,000. Kama dawati linakaliwa na watoto watatu, ni watoto 360,000 walioinuka sakafuni kutokana na safari na posho zilizopunguzwa. Ni kazi iliyofaa, na ilifaa kwa sababu tatizo lilikuwa la aina ile ambayo fedha ya mara moja inaweza kulimaliza. Dawati halidai mshahara.

Darasa linadai. Hapa kuna bei inayojulikana vizuri, kwa sababu Serikali yenyewe iliiweka mezani: mwaka 2021, kwa mkopo wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000, yakiwamo 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila chumba kikitengewa Sh20 milioni. Zile Sh4.29 bilioni za NMB, zote zikienda huko, ni vyumba 214. Kwa kiwango cha wanafunzi 45 kwa chumba, ni watoto 9,630.

Sasa weka mwalimu ndani. Kabla ya nyongeza za 2022, mwalimu wa ngazi ya cheti alikuwa akianza na Sh419,000 kwa mwezi, Sh5,028,000 kwa mwaka. Miaka minne tu, mshahara umefikia bei ya chumba anachofundishia. Tukisema chumba kinasimama miaka 30, na mwalimu asipandishwe daraja hata mara moja (Mungu amnusuru), mishahara ni takribani Sh151 milioni. Jumla ya chumba na mwalimu ni Sh171 milioni. Kampuni iliyokata utepe imelipa Sh20 milioni: shilingi 12 katika kila 100. Zilizobaki 88 ni za Hazina, na Hazina haikuulizwa kama mwaka huo ina ajira ya kupeleka pale. Kibao cha ukutani, lakini, kina jina la aliyelipa 12.

Hili si hoja dhidi ya madarasa. Ni hoja kuhusu mpangilio. Kila zawadi ya jengo ni ahadi ya matumizi inayotolewa na mtu mmoja na kulipwa na mwingine. Halmashauri zenye akili timamu hukataa, au husema: leteni bati na saruji tumalizie maboma yaliyoanzishwa na wananchi, msianzishe jengo jipya kando ya barabara. Si kila halmashauri ina ubavu wa kusema hivyo mbele ya mgeni rasmi.

Kuna mlipaji mwingine asiyeonekana jukwaani. Kodi ya kampuni Tanzania ni asilimia 30 ya faida. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu michango kwa taasisi za hisani na miradi ya maendeleo ya jamii ikatwe kwenye mapato kabla ya kodi, kwa ukomo wa asilimia 2 ya mapato ya biashara. Mchango kwa Mfuko wa Elimu, ulioundwa kwa sheria ya 2001 na kusimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, hauna ukomo huo. Maana yake: kampuni ikitoa Sh100 milioni zinazokubalika, kodi yake inapungua Sh30 milioni. Kati ya madawati 100, 30 yamelipiwa na mlipakodi bila kualikwa kwenye hafla. Utaratibu wenyewe ni halali, na una mantiki yake. Ila mtu akisema kampuni imetoa milioni mia, jibu la kihasibu ni kwamba imetoa sabini.

Na kuna kundi ambalo halitoi kwa hiari. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, kifungu cha 105, yanaitaka kampuni ya madini iandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, ukubaliwe na halmashauri. Mgodi wa Geita kwa makubaliano ya namna hiyo umekuwa ukitenga Sh9.2 bilioni kwa mwaka kwa halmashauri mbili za Geita. Kwa bei ya chumba tuliyoiona, ni madarasa 460 kila mwaka, ingawa fedha hizo zinagawanywa pia kwenye zahanati, barabara, taa za mitaani na mengineyo. Linganisha: fedha hizo za halmashauri mbili ni zaidi ya mara mbili ya zile Sh4.29 bilioni za nchi nzima, asilimia 1 ya faida ya benki kubwa ya 2022. Mtoto aliyezaliwa juu ya dhahabu na aliyezaliwa juu ya kichanga hawapati kampuni sawa. Ruzuku ya Serikali, kwa udogo wake wote, angalau inahesabu vichwa.

Wapo wanaosema dawa ni sheria ya jumla, kama India. Kule Sheria ya Kampuni ya 2013, iliyoanza kutumika kwa upande huu Aprili 2014, inazitaka kampuni kubwa, kwa mfano zenye faida ya rupia milioni 50 au zaidi, zitumie asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu kwa shughuli za jamii, na elimu ni moja ya mafungu yanayovuna zaidi. Tuikopi kwa haraka haraka hapa. Asilimia 2 ya faida ya NMB ya 2022 ni Sh8.58 bilioni. Gawanya kwa milioni 11: Sh780. Penseli zimekuwa nne. Sheria ya namna hiyo ingesaidia kuondoa ubabaishaji na kuzilazimisha kampuni zinazojificha, na kwa hilo naiunga mkono. Lakini anayetarajia izibe pengo la Sh15,000 kwa mtoto hajafanya hesabu.

Kenya imefuata njia nyingine, na ndiyo inayonivutia zaidi. Badala ya kumgawia kila mtoto penseli, baadhi ya kampuni zimechagua watoto wachache na kuwabeba kikamilifu. Mpango maarufu ni Wings to Fly wa Equity Group Foundation, ulioanza 2010: mwanafunzi aliyefaulu na asiye na uwezo alikuwa akilipiwa miaka minne ya sekondari, pamoja na sare, vitabu, nauli, vifaa vya bweni na fedha za mfukoni. Wanaochagua hukaa katika ngazi ya chini, wakiwamo walimu, viongozi wa dini na maofisa wa utawala wanaozijua familia, kwa sababu umaskini hauonekani kwenye fomu. Wapo waliofaulu wenye baba mwenye pikipiki tatu na barua ya chifu inayosema hana kitu.

Bei yake? Ada ya bweni kwa shule za kitaifa imekuwa KSh53,554 kwa mwaka. Miaka minne ni KSh214,216, na hapo hujanunua godoro, sanduku, viatu wala tiketi ya basi kutoka Turkana. Serikali kwa upande wake iliahidi KSh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Zaidi ya vijana 20,000 wamepita kwenye Wings to Fly. Kwa ada hiyo ya bweni peke yake, hizo ni zaidi ya KSh4.2 bilioni. Hakuna benki ya Afrika Mashariki ambayo ingezitoa peke yake kirahisi, na Equity haikuzitoa peke yake: Mastercard Foundation ilikuwa ndani tangu mwanzo, wakafuata washirika kama USAID na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW. Fulana ina jina la benki, hundi zina majina mengi. USAID imeshafungwa, mwaka 2025.

Ukubwa sasa. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023 ulifanywa na watoto takribani milioni 1.4. Mpango unaochukua 1,000 kwa mwaka unamfikia mmoja katika kila 1,400. Kwa huyo mmoja, maisha yamebadilika kabisa, na aliyeketi naye dawati moja akapata alama tatu pungufu amerudi kuchunga mbuzi. Hii ndiyo bei ya kubeba kikamilifu. Sijui njia ya kuikwepa, na sidhani kwamba kuwapa wote 1,400 penseli ni haki zaidi.

Lakini angalia kilichotokea upande wa pili. Mwaka 2025 Waziri wa Fedha wa Kenya, John Mbadi, aliliambia Bunge kwamba Serikali haimudu zile KSh22,244. Kilichokuwa kikipatikana ni kama KSh16,900. Pungufu ni KSh5,344. Kwa kila wanafunzi milioni moja, hizo ni KSh5.3 bilioni kwa mwaka. Fedha hizo zingelipa ada ya bweni ya mwaka mzima kwa wanafunzi karibu 100,000. Yaani mstari mmoja wa bajeti ukipunguzwa kimyakimya unafuta zaidi ya ada ya bweni ya miaka minne ya wale vijana 20,000 ambao kampuni zinawapigia ngoma. Kama kampuni kubwa zingekuwa na la kusema Hazina kuhusu elimu, lingekuwa hili. Kwa kawaida zinachokwenda kusema Hazina ni punguzo la kodi.

Na hapo tufungue fungu ambalo halimo kwenye ripoti yoyote ya kurudisha kwa jamii. Tanzania ina tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, inayolipwa na mwajiri kwa asilimia ya mishahara yote. Zamani ilikuwa asilimia 6, ikashushwa hatua kwa hatua, na Julai 2023 ikafika 3.5, waajiri wakiwa wameomba ishuke miaka yote hiyo. Chukua kampuni ya kati: mishahara ya Sh500 milioni kwa mwezi, faida ya Sh3 bilioni kwa mwaka. Kwa asilimia 1 ya faida, jamii inapata Sh30 milioni na picha tano gazetini. Kwa SDL kampuni hiyo hiyo inalipa Sh17.5 milioni kila mwezi, Sh210 milioni kwa mwaka. Mara saba. Kwa utaratibu wa muda mrefu theluthi moja ya tozo hiyo ni ya mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ambako kijana anajifunza kuchomelea, kushona, kufunga umeme. Zilizobaki zinakwenda Hazina. Nusu asilimia iliyopunguzwa 2023 inaiokolea kampuni yetu Sh30 milioni kwa mwaka. Ndiyo, kiasi kile kile inachotoa kwa jamii. Kenya mwajiri analipa KSh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwenda mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, awe mfagizi au mkurugenzi mkuu. KSh600 kwa mwaka haimlishi mtu chakula cha mchana juma moja katikati ya Nairobi.

Nimewahi kusikia wanaosimamia miradi hii wakisema kwamba matumizi ya kila siku hayawezi kufadhiliwa na kampuni, kwa sababu yakianza hayaishi. Kwa bajeti ya mwaka mmoja mmoja ni kweli. Pedi ni mfano mzuri: pakiti ya kawaida dukani ni kama Sh2,000, miezi kumi ya masomo ni Sh20,000 kwa msichana mmoja, mara mbili ya ruzuku yote ya mtoto wa msingi. Kampuni inaleta katoni Machi, Siku ya Wanawake. Aprili inajitegemea.

Lakini ipo namna ya fedha ya mara moja kulipa jambo la kila mwezi, na benki zinaijua kuliko mtu yeyote kwa sababu ndiyo biashara yao. Chukua Sh100 milioni. Njia ya kwanza, madarasa matano. Njia ya pili, hatifungani ya Serikali ya miaka 20. Tukadirie riba ya asilimia 12. Inaleta Sh12 milioni kila mwaka. Mwalimu wa kujitolea akilipwa Sh200,000 kwa mwezi, kiwango ambacho wengi wao wangekifurahia, ni Sh2.4 milioni kwa mwaka. Riba peke yake inalipa walimu watano kwa miaka 20, na mtaji unarudi mwishoni ukiwa mzima. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3 kwa mwaka, Sh100 milioni zile zitakazorudi zitakuwa na thamani ya kama Sh55 milioni za leo, na mwalimu wa mwaka wa 15 atakuwa anadai zaidi ya Sh200,000, kwa hiyo watano watakuwa wamebaki watatu. Mwaka huo wa 20, yale madarasa matano ya njia ya kwanza yatakuwa yanahitaji bati jipya.